Siku Kumi na Nne za Mwanzo: Mgonjwa Anayeanza Dawa za Saikosisi katika Kanda ya Ziwa

Swali linalorudiwa mara nyingi katika vikao vya watoa huduma za afya ya akili wa Kanda ya Ziwa ni kwa nini wagonjwa wanaacha dawa. Majibu nayo yamekuwa kama kiitikio: umaskini, umbali, imani za kishirikina, ukaidi wa ndugu. Sikatai kwamba yote hayo yapo. Ninachokataa ni mahali yanapotuweka sisi, yaani kando, kama watazamaji. Kwa maoni yangu, wengi tunaowaandika katika daftari kuwa "hakurudi" walikwisha kuamua kutorudi kabla bahasha ya kwanza ya vidonge haijaisha, na waliamua hivyo kwa sababu ambazo tabibu aliyeandika dawa alizijua tangu siku ya kwanza, akazinyamazia.

Dawa zenyewe si ngeni. Klopromazini ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950, na mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris walieleza jinsi ilivyowatuliza wagonjwa ambao hadi wakati huo hawakuwa na tiba ya kutegemewa. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 kutoka maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado hizo mbili ndizo uti wa mgongo wa tiba ya saikosisi katika vituo vyetu, pamoja na sindano ya flufenazini inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa. Risperidoni na olanzapini zipo, lakini kadiri mtu anavyouacha mji ndivyo zinavyoadimika.

Dawa zote hizi hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya chembe za ubongo. Dopamini inapozidi katika sehemu fulani za ubongo, mtu huanza kuona maana ya kutisha katika mambo ya kawaida: jirani anayekohoa anamkoholea yeye, redio inamtaja yeye, sauti zisizo na mwenyewe zinamwamrisha. Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayoratibu mwendo wa misuli, na dawa haina macho ya kuchagua wapi pa kuzuia na wapi pa kuacha. Zaidi ya hapo, kazi zake hazianzi kwa wakati mmoja. Usingizi huja ndani ya saa chache. Kukakamaa kwa misuli huweza kuja ndani ya siku chache. Sauti na shuku huanza kufifia baada ya wiki, na mara nyingi haifai kuhukumu kwamba dawa imeshindwa kabla ya wiki nne hadi sita kupita. Madhara hutangulia faida. Mgonjwa asiyeambiwa jambo hili ana haki kabisa ya kudhani amepewa sumu.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 20 kutoka kisiwa cha Ukara. Ameletwa Mwanza na kaka yake baada ya wiki tatu za kutolala na kuzungumza na watu wasioonekana. Amepimwa, amepewa haloperidoli, na kwa kuwa ametulia, anaruhusiwa kurudi nyumbani na tarehe ya kurudi kliniki baada ya mwezi. Wanapanda meli hadi Nansio, safari ya saa tatu hivi, kisha wanaunganisha na chombo kingine. Siku ya tatu jioni, shingo yake inapinda upande mmoja na kukataa kurudi. Macho yanapinduka juu. Ulimi unatoka nje, taya linakaza, maneno hayatamkiki. Akili yake i timamu na anaogopa mno.

Hali hii kitabibu huitwa distonia ya ghafla. Wengi wanaoipata huipata ndani ya siku tano za mwanzo au baada ya kuongezewa dozi, na wanaoandamwa zaidi ni vijana wa kiume wanaotumia dawa kali za zamani kama haloperidoli. Inatibika kwa urahisi wa kushangaza: bensheksoli kwa mdomo kama anaweza kumeza, au sindano ya promethazini au diazepamu kama hawezi, na kwa kawaida misuli hulegea ndani ya nusu saa hivi. Ni nadra iwe hatari kwa maisha, isipokuwa inapokaza koo na kuzuia pumzi, hapo ni ya kukimbiliwa bila kusubiri mapambazuko. Lakini jirani aliyesimama mlangoni hajui lolote kati ya hayo. Yeye anaona kijana aliyepelekwa hospitali akirudi amepinda shingo na macho meupe. Tafsiri iko tayari, na lugha yetu wenyewe imeiandaa: ugonjwa wa kukaza misuli unaoletwa na kidonda kilichoingia vijidudu tumeuita pepopunda tangu zamani. Mwili unaokaza kwa Mswahili ni mwili ulioshikwa na kitu. Hata mtoa huduma wa zahanati huweza kudhani ni pepopunda au kifafa endapo hakuna aliyemwambia mgonjwa anatumia nini. Usiku ule vidonge hutupwa. Na kwa nini visitupwe? Familia imefuata ushahidi ulio mbele yake.

Nimeulizwa na wenzangu kama kumweleza mgonjwa habari za shingo kupinda si kumtisha aache dawa hata kabla ya kuanza. Hoja hii naisikia, siikubali. Hakuna asiyemwambia mama kwamba mtoto huweza kupata homa baada ya chanjo, na mama hujua la kufanya homa ikija. Maneno yanayohitajika ni machache: "Katika siku tano za mwanzo, shingo, macho au taya vinaweza kukaza. Si ugonjwa mpya, wala hajarogwa, ni dawa. Usimpe dozi inayofuata, mpe kidonge hiki, kisha mlete zahanati." Aambiwe mgonjwa, na aambiwe pia yule atakayelala naye nyumba moja.

Kuna njia bora zaidi ya kuepusha jambo hili kuliko maneno, nayo ni dozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa vituo visivyo na madaktari bingwa unashauri haloperidoli ianzwe kwa miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku na kupandishwa taratibu. Watafiti wa Toronto, Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwapa wagonjwa waliokuwa katika shambulio la kwanza miligramu 1 au 2.5 tu za haloperidoli kwa siku, wakatazama kwa picha za ubongo ni sehemu gani ya vipokezi vya dopamini imezibwa. Nafuu ilianza kuonekana vipokezi vilipozibwa kwa kiasi cha asilimia 65. Madhara ya misuli yalianza kuongezeka kiasi hicho kilipovuka asilimia 78. Nafasi kati ya namba hizo mbili ni nyembamba, na kwa wengi wanaoanza dawa dozi ndogo hutosha kuingia ndani yake.

Sasa linganisha na agizo lililozoeleka: haloperidoli miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, klopromazini 100 usiku, na bensheksoli 5. Nimeliona agizo hilo likiandikwa kwa binti wa kilo 45 ambaye hakuwahi kumeza dawa yoyote ya akili maishani mwake, na nililiona likiandikwa kabla hajaulizwa jina. Sababu inayotolewa ni kwamba mgonjwa alikuwa "mkali". Ukali wa siku ya kwanza ni jambo la kutibiwa kama dharura, kwa mahali tulivu, kwa mazungumzo, na ikibidi kwa dawa ya kumlaza usiku ule na siku chache zinazofuata, kisha kuiondoa. Haloperidoli ya kutibu sauti na shuku ina ratiba yake nyingine, na kuipandisha kwa haraka hakuharakishi kupona. Vidonge vingi tulivyo navyo ni vya miligramu 5. Nusu yake kwa siku, usiku, ndiyo mahali pa kuanzia kwa mgonjwa mpya asiye na dharura; na mfamasia akigawa vidonge hivyo mwenyewe kabla ya kuvitia katika bahasha, atakuwa ameondoa nusu ya makosa yanayotokea nyumbani.

Kuhusu bensheksoli natofautiana kidogo na mwongozo. WHO inasema isitolewe kwa kila mgonjwa kama kinga, na sababu zake ni nzito: hukausha kinywa, hufunga choo, huzuia mkojo kwa wazee, hudhoofisha kumbukumbu, na katika dozi kubwa yenyewe huleta kuchanganyikiwa. Tena kuna vijana waliojua kwamba inalevya na wanaoitafuta kwa ajili hiyo. Yote ni kweli. Lakini mwongozo unadhani kwamba mgonjwa akikaza shingo atafika mahali penye tiba siku ile ile. Kwa mkazi wa Nyegezi au Igoma dhana hiyo ni sahihi. Kwa mkazi wa kambi ya wavuvi katika kisiwa kisicho na zahanati, ambapo upepo ukichafuka hakuna mtumbwi unaoondoka mwaloni, dhana hiyo inabomoka. Rai yangu ni kwamba kijana anayeanza haloperidoli na anayeishi mbali na kituo kwa zaidi ya nusu siku apewe vidonge vichache vya bensheksoli, vinne au sita, katika bahasha ya peke yake iliyoandikwa matumizi yake, akabidhiwe ndugu, na visivyotumika vikaguliwe siku ya kurudi. Huko si kumpa kila mtu dawa mbili kwa miezi bila kuuliza, jambo ambalo kwa bahati mbaya ndilo tunalolifanya sasa.

Umbali huo huo hutushawishi katika jambo jingine ambalo nalipinga bila kusita: kumchoma mgonjwa mpya sindano ya flufenazini inayodumu, siku ya kwanza, "kwa kuwa hatarudi". Kidonge kikimdhuru mtu, kesho hakimezwi. Sindano ikishaingia kwenye msuli hakuna wa kuitoa, na mwenye kukakamaa atakakamaa kwa wiki. Sindano hizi zina manufaa makubwa kwa mtu aliyekwisha kutumia vidonge, ikajulikana kwamba vinampatia nafuu bila kumtesa, na yeye mwenyewe akachagua kuchomwa mara moja kwa mwezi kuliko kumeza kila siku. Kwa mgeni wa dawa ni kamari inayochezwa kwa mwili wa mwingine.

Distonia angalau huonekana. Adui wa pili wa wiki hizi haonekani, na pengine ndiye anayetupotezea wagonjwa wengi zaidi. Ni hali ya kutotulia ambayo wataalamu huiita akathisia. Mgonjwa anahisi ndani ya miguu na kifua kitu kinachomsukuma asikae. Anakaa, anainuka, anasimama, anabadilisha mguu, analala, anaamka kutembea uani. Wagonjwa wanaoweza kuieleza husema ni afadhali sauti. Ndugu husema "amezidi", tabibu huandika "bado ana fujo", na dozi huongezwa. Dozi ikiongezwa, hali huzidi. Ikizidi, dozi huongezwa tena. Mzunguko huu humalizika kwa mgonjwa kutoroka au kwa jambo baya zaidi, kwani mateso ya akathisia yamehusishwa na watu kujiua. Kipimo chake hakihitaji mashine. Mkalishe mgonjwa kwenye kiti dakika mbili, tazama miguu yake, kisha umuulize: "Fujo iko kichwani au iko miguuni? Unatembea kwa sababu unataka kwenda mahali, au kwa sababu huwezi kukaa?" Wengi hujibu kwa usahihi wa kutuaibisha. Tiba ni kupunguza dozi au kubadilisha dawa, na propranololi kwa kiasi kidogo inaweza kusaidia kwa asiye na pumu. Kuongeza haloperidoli ni kumwagia moto mafuta.

Yapo mambo mawili yanayohusu homa, na katika ukanda wa malaria lazima yasemwe kwa sauti. La kwanza ni kabla ya dawa. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, hasa akiwa na homa, asiyejua yuko wapi wala leo ni siku gani, si mgonjwa wa saikosisi hadi pale malaria, homa ya uti wa mgongo, maambukizi ya VVU yaliyofika kwenye ubongo, sukari kushuka na kuacha pombe kwa ghafla vimetafutwa na kukosekana. La pili ni baada ya dawa. Mgonjwa aliyeanza dawa ndani ya wiki mbili zilizopita, anayepata homa kali pamoja na mwili mzima kukakamaa kama mti, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na fahamu kuyumba, huenda amepatwa na tatizo adimu lakini la kuua linalosababishwa na dawa zenyewe. Katika mazingira yetu kosa la kawaida ni kusema "malaria kali", kuanza dawa ya malaria na kuendelea na haloperidoli. Apimwe malaria, ndiyo. Lakini dawa ya akili isimamishwe saa hiyo hiyo, apewe maji, apozwe mwili, apelekwe hospitali ya rufaa. Malaria haikakamazi mwili namna hiyo. Kipimo cha malaria kikiwa chanya hakifuti tatizo jingine.

Sasa nije kwenye swali ambalo katika mafaili yetu halijazwi ipasavyo: mgonjwa anafanya kazi gani? Tunaandika "mvuvi" au "mkulima" na kupita. Mvuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki juu, na hupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa. Maana yake, kwa zaidi ya nusu ya mwezi hulala mchana, chini ya bati, kwenye kelele za mwalo. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha saikosisi upya. Na tukimwambia "meza dawa usiku", tunamwambia ameze dawa ya kumlegeza saa moja kabla ya kuingia kwenye mtumbwi, katika ziwa ambalo wenyeji wake hawahitaji kukumbushwa linavyomeza watu. Mvuvi mwenye busara hataimeza, na atakuwa sahihi. Kumbe ingetosha kumwambia ameze anapokwenda kulala, iwe asubuhi au jioni, na katika wiki hizi mbili za mwanzo abaki nchi kavu akishona nyavu au kuanika dagaa. Anayeanika dagaa naye ana lake: klopromazini huifanya ngozi iungue kwa jua upesi, na mchanga mweupe wa mwaloni hurudisha jua mara mbili. Kofia na mikono mirefu ni sehemu ya cheti. Dereva wa bodaboda aambiwe asibebe abiria hadi ajue dawa inamfanya nini. Klopromazini pia hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama ghafla; mwambie akae kitandani kidogo kabla ya kuinuka, hasa mzee anayeamka usiku kwenda chooni.

Na pombe? Gongo juu ya klopromazini humwangusha mtu mahali asipopachagua. Bangi, ambayo vijana wengi huiona kuwa ndiyo inayowatuliza, huchochea ugonjwa huo huo tunaoutibu. Haya husemwa mara moja, kwa upole, bila mahubiri. Mgonjwa akihisi anahukumiwa ataficha, na siku nyingine hatakwambia.

Kuna siri nyingine zisizosemwa. Haloperidoli na risperidoni huweza kusimamisha hedhi na kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha. Binti ambaye hajaolewa akikosa hedhi miezi miwili, nyumbani kutakuwa na kesi ambayo hakuna aliyemwandaa kuijibu. Mwanamke aliyeolewa atadhani amepata mimba, au atadhani hawezi tena kupata mimba na kuacha uzazi wa mpango, na yote mawili yanaweza kuwa makosa. Mwanaume naye huweza kupungukiwa nguvu za kiume. Hatalisema mbele ya mama yake aliyemsindikiza, hatalisema mbele ya muuguzi wa umri wa binti yake. Ataacha dawa na kusema zimeisha. Muulize akiwa peke yake. Olanzapini ina yake, nayo ni hamu kubwa ya kula, uzito na sukari. Pima uzito siku ya kwanza, maana bila namba ya mwanzo namba ya mwezi wa tatu haina maana.

Neno moja sasa kuhusu maneno. Wagonjwa wengi, na watoa huduma wengi, huziita dawa hizi "dawa za usingizi". Jina hili limeleta hasara. Mtu akishaanza kulala vizuri huona dawa imemaliza kazi, akaacha. Akiendelea kusikia sauti huku analala, huona dawa haifanyi kazi. Na mkwe akiona anasinzia mchana husema "wanamlaza tu, hawamtibu". Tuziite dawa za saikosisi, au kwa asiyelipenda neno hilo, dawa za kutuliza mawazo na sauti. Tumweleze tangu mwanzo kwamba hata akipona shambulio hili la kwanza, atashauriwa kuendelea kwa mwaka mmoja angalau, kisha tutazungumza upya kuhusu kupunguza. Mwaka una mwisho. Neno "maisha yako yote", linalotamkwa kwa wepesi siku ya kwanza kwa kijana ambaye bado haijulikani ugonjwa wake utaelekea wapi, si la kweli kwa kila mtu na humvunja moyo hata yule ambaye kwake ni la kweli.

Wewe uliye ndugu wa mgonjwa, nina ombi gumu. Najua vidonge vinachanganywa kwenye uji na chai. Najua pia kwa nini: mnaogopa, hamjalala, na mnampenda. Lakini saikosisi nyingi zina shuku ndani yake, na shuku kubwa ya mgonjwa ni kwamba kuna mtu anamtilia kitu kwenye chakula. Siku atakapoona chembe nyeupe chini ya kikombe, shuku yake itakuwa imethibitishwa, na haitakuwa tena dalili ya ugonjwa. Baada ya hapo hatakula chakula chenu, hatatuamini sisi, na itachukua miezi kurudi tulipokuwa. Akikataa dawa, njooni hata bila yeye. Tuna mengi ya kujaribu, ikiwamo dawa ya maji, dozi ndogo zaidi, au mtu mwingine anayemwamini. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumtibu mtu asiyeridhia pale anapokuwa hatari kwake au kwa wengine. Utaratibu huo una wasimamizi na karatasi zake, na sufuria ya uji haimo.

Kuhusu waganga wa jadi sitasema mengi, kwa kuwa yamesemwa mengi na watu wanaoishi mbali nao. Usukumani mganga ni jirani, yupo usiku, anasikiliza familia nzima kwa pamoja na anajibu swali ambalo sisi hatulijibu, yaani kwa nini mimi na kwa nini sasa. Nchini Nigeria, Thomas Lambo alianza katika miaka ya 1950 kuwashirikisha waganga katika huduma ya wagonjwa wa akili kwenye vijiji vya Aro, Abeokuta, na hakuna aliyemwona kuwa daktari pungufu kwa hilo. Na hapa kwetu tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na baraza linaloisimamia. Sishauri tugawane wagonjwa. Nashauri tumuulize mgonjwa, bila kukunja uso, kama anatumia dawa nyingine, tumuombe asichanganye dawa za kunywa na hizi katika wiki hizi mbili ili tujue kinachomsumbua kinatoka wapi, na tuseme bila kuuma maneno kwamba kamba, minyororo na kumnyima mtu chakula havikubaliki kwa mganga, kwa mchungaji wala wodini. Ibada na tambiko visivyomdhuru na viendelee. Familia iliyolazimishwa kuchagua kati ya mganga na kliniki siku ya kwanza, mara nyingi haituchagui sisi.

Linabaki suala la dawa kupatikana. Ni kosa kumwanzishia mgonjwa wa kisiwani olanzapini kutoka famasia ya mjini, hata kama ni bora kwake, pasipo kujua ataipata wapi mwezi ujao na kwa bei gani. Dawa bora inayokatika baada ya siku 30 hushindwa na dawa ya wastani iliyopo kila mwezi. Sera ya msamaha wa gharama inawataja wagonjwa wa akili miongoni mwa wanaostahili huduma bila malipo, lakini msamaha hauna faida mbele ya rafu tupu, na familia huishia duka la dawa. Kabla ya kuandika, piga simu kituo cha karibu na kwake uulize wana nini. Kwa wa Sengerema mambo yamekuwa mepesi kidogo tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, maana kivuko hakimshikilii mtu tena foleni. Kwa wa Ukerewe maji yako pale pale. Ndiyo sababu mgonjwa anayetoka Bugando au Sekou Toure hapaswi kuondoka bila barua fupi kwa mganga mfawidhi wa zahanati yake: jina la dawa, dozi, siku aliyoanza, nini kinaweza kutokea, nini kifanyike, namba ya simu ya kupiga. Mistari sita. Ikiandikwa kwa Kiswahili, hata ndugu ataisoma njiani.

Na tarehe ya kwanza ya kurudi isiwe mwezi mmoja. Iwe wiki mbili, na kabla yake ipigwe simu siku ya tatu na siku ya saba. Maswali ni manne: Analala na kula? Shingo, macho na ulimi vikoje? Anaweza kukaa mpaka amalize sahani? Ana homa? Muuguzi mmoja mwenye orodha ya wagonjwa wapya wa wiki hiyo huweza kuwapigia wote ndani ya saa moja, na akaandika majibu kwenye kadi zao. Nimezungumza na wauguzi wanaofanya hivyo tayari, kwa hiari yao, na wanasema nusu ya simu huishia kwa "tumshukuru Mungu, anaendelea", na nyingine huokoa safari ya meli. Muda wa maongezi wanaotumia ni wa mifukoni mwao. Katika bajeti ijayo ya kliniki zetu, kifungu hicho kinaweza kuingizwa kwa fedha isiyofikia bei ya katoni moja ya glavu kwa mwezi.